Mipangilio Iliyovaa Koti

Nyuma ya kiwanda cha zamani cha mbao pale mjini Joensuu, ambacho siku hizi hakitoi ubao hata mmoja bali programu za kompyuta, kuna benchi ambalo theluji haikai juu yake. Limeegemea ukuta wa chumba cha kugawia joto, na mabomba ya maji ya moto yamepita ndani ya ukuta huo, kwa hiyo hata mwezi wa tatu, mto ukiwa bado umeganda, watu wa pale hukaa makalio yakipata joto na pua zikiona cha moto kwa baridi. Mapumziko ya kahawa ya asubuhi yako kwenye mkataba wa wafanyakazi, wala bosi hana ubavu wa kuyagusa. Yakifika, wanashuka na chupa kubwa ya kahawa, ile ya kubonyeza kichwani, na mfuko wa maandazi ya iliki, halafu wanabishana. Hawabishani mpira wala siasa. Wanabishana lugha ipi ya kompyuta ni lugha na ipi inajifanya lugha. Wakianza hapo hata kunguru wa juu ya paa hutafuta paa lingine.

Asubuhi hiyo wa kwanza kufika alikuwa Makaa. Jina alilopewa na wazazi ni Sirkku, ila kijiweni hakuna anayelitumia. Wamemwita Makaa kwa sababu lugha anayoiandika inaitwa Hiillos, yaani makaa yaliyobaki kwenye moto. Iliundwa humohumo kiwandani na mzee mmoja, Aulis, ambaye alishastaafu akajichimbia kwenye kibanda chake ziwani, na kazi yake ni kuiambia mitambo ya joto ya miji midogo midogo nyumba ipi ipelekewe maji ya moto, lini, na kiasi gani. Aulis alipoondoka alimwachia Makaa. Tangu hapo hakuna binadamu mwingine aliyeiandika.

Sasa Makaa alikuwa amekaa na kikombe kilichojaa, hanywi. Kwenye kikao cha asubuhi bosi wao, Anniina, alikuwa amewaonyesha ukutani visanduku vilivyochorwa na mshauri kutoka Helsinki. Lugha zote za kampuni zilikuwamo: za chini, za juu, za hati, kila moja na rangi yake. Hiillos haikuwamo. Ilikuwa imewekwa kando, kwenye kisanduku cha mipangilio, pamoja na rangi za vitufe na tarehe za sikukuu. Na chini yake mshauri alikuwa ameandika kwa utani: "mipangilio iliyovaa koti". Chumba kilicheka. Makaa naye alitabasamu, maana ungefanyaje. Kisha Anniina akamwambia, kwa ule upole ambao mtu wa pale anauogopa kuliko kufokewa, kwamba saa nne apande juu wazungumze kuhusu majukumu yake.

Maana yake haikuhitaji mkalimani. Mipangilio haihitaji mwandishi wa programu. Mipangilio hujazwa na yeyote mwenye vidole. Hilo lilimuuma Makaa, lakini lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Maneno yale, "mipangilio iliyovaa koti", hayakuzaliwa Helsinki. Yalizaliwa kwenye benchi hili hili, na hayakuwahi kutoka nje ya watu wanne.

Watatu waliobaki walifika pamoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Kulikuwa na Kyösti, aitwaye Chuma, ambaye anaandika programu za ndani ya mita za joto kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine, na anawaonea huruma wengine wote. Kulikuwa na Ilpo, aitwaye Profesa, ambaye hakumaliza shahada yake ya juu na hajaacha kuizungumzia. Na kulikuwa na Oona, aitwaye Gundi, ambaye kazi yake ni kuandika vipande vifupi vya programu, wenyewe wanaviita hati, vya kuunganisha mfumo huu na ule isiachane.

Chuma: Haya. Nani kachoma?

Gundi: Salamu kwanza, bwana.

Chuma: Salamu baadaye. Kuna mtu hapa kampelekea yule bwana wa Helsinki maneno yetu. Mimi nayajua maneno yetu, nilikuwepo yakizaliwa.

Profesa: Ulikuwepo? Wewe ndiye uliyeyazaa!

Chuma: Mimi nilisema "koti". "Mipangilio" ulisema wewe.

Profesa: Nilisema kitaalamu! Sikusema kwa ubaya.

Gundi: Makaa, kunywa kahawa, itapoa.

Makaa: Nakunywa.

Hakunywa, wala hakugusa andazi alilowekewa na Gundi mapajani. Alikuwa anawaangalia viatu. Mtu akisema uongo uso wake unaweza kutulia, lakini viatu vya Chuma vilikuwa vinakanyaga barafu kama vinatafuta kitu kilichopotea.

Profesa: Tusikimbilie kumtafuta mtu. Tujiulize kwanza yule bwana anapangaje lugha. Tukijua anapangaje, tutajua anataka nini.

Chuma: Lugha zinapangwa kwa njia moja tu. Kuna za chini, zinazogusa mashine, na kuna za juu, zinazoelea hewani. Basi, mjadala umefungwa.

Gundi: Na ya kwako ni ya chini.

Chuma: Ya chini kabisa.

Gundi: Na unajidai.

Chuma: Kwenye lugha, dada yangu, chini ndiko juu. Kila unavyopanda unazidi kuwa mtoto wa mama. Huko juu kuna lugha zinazokufagilia takataka, unaacha vitu ovyo kwenye kumbukumbu ya mashine, zinapita nyuma yako zinaokota. Mimi nafagia mwenyewe!

Gundi: Kwenye meza yako hufagii.

Makaa: Na Hiillos? Iko chini au juu?

Chuma alikohoa. Alimimina kahawa ambayo hakuihitaji.

Chuma: Hiillos iko... pembeni.

Profesa: Unaona? Kipimo chako kibovu. Wenye akili tunapanga kwa tabia. Kuna lugha za kuamuru, unaiambia mashine fanya hiki, ukimaliza fanya kile. Na kuna lugha za kutangaza, unasema unataka nini, yenyewe itajua inafikaje.

Gundi: Kama nyumbani kwangu. Mimi natangaza kwamba taka zimejaa. Mume wangu anasubiri amri.

Profesa: Barabara kabisa! Umeelewa kuliko wanafunzi wangu.

Chuma: Wanafunzi gani? Wewe uliondoka chuoni na deni la vitabu vya maktaba.

Profesa: Hiillos, kwa mfano, ni ya kutangaza. Makaa haiambii pampu zunguka. Anasema, nje kukiwa na baridi kuliko jana, nyumba fulani iwe imepata joto kabla watu hawajaamka. Ni kutangaza kulikonyooka.

Makaa alimgeukia Profesa haraka. Aliweka kikombe chini.

Makaa: Kwa hiyo ni lugha ya kutangaza.

Profesa: Ndiyo, ina tabia ya kutangaza.

Makaa: Tabia, au ni lugha?

Profesa: Sasa, neno "lugha", ukilibana sana...

Gundi: Huyo ameshaanza kurudi kinyumenyume. Profesa, huna gia ya mbele?

Makaa alijua angerudi kinyumenyume. Alikuwa ameketi na watu hawa misimu mingi ya theluji na alikuwa hodari wa kujua ni wapi kila mmoja atakwama. Lakini leo alikuwa ametega sikio kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, na kila mmoja akikwama alikuwa anaumia upya. Akajichukia kidogo kwa kutega sikio.

Gundi: Mnataka niwaambie lugha zinapangwaje? Zinapangwa na mtu mwenye kalamu. Umeshaona mtu akichora visanduku halafu akajiweka cha mwisho? Mimi wananiita mwandishi wa hati. Lugha ya hati maana yake nini? Ni lugha ya mtu usiyemwalika mkaoge mvuke sauna.

Chuma: Tulikualika sauna.

Gundi: Mlinialika nikate soseji. Na ile "lugha ya urithi" wanayosema wakitaja za zamani kama Hiillos? Ni lugha ambayo aliyeiunda hayupo mezani kujitetea. Aulis angekuwa hapa, nani angethubutu?

Hilo lilipita moja kwa moja hadi kwa Makaa. Aulis alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini alikuwa na namna ya kumwangalia mtu aliyesema upuuzi mpaka upuuzi ukamrudia mwenyewe. Makaa hakurithi jicho hilo. Alirithi Hiillos tu.

Chuma: Ngoja, ngoja. Umesema sauna. Mshauri alikuja vuli, tukampeleka kwenye nyumba ya kampuni kule ziwani. Hapo ndipo maneno yalipotoka! Profesa, wewe ulikaa naye ngazi ya juu, karibu na mawe ya moto.

Profesa: Nilikaa naye. Alikuwa anamwagia maji mawe kila mara kama ana ugomvi nayo. Sikuongea kitu, nilikuwa natafuta pumzi.

Chuma: Muda wote ule?

Profesa: Kwani wewe ulikuwa wapi?

Chuma: Ziwani. Nilikuwa ndani ya maji hadi shingoni.

Gundi: Mimi msiniguse. Nilikuwa sauna ya wanawake, yeye ni mwanamume. Huo ushahidi hauvunjiki.

Chuma: Na baadaye kwenye moto? Pale wote tulikaa pamoja.

Gundi: Pale nilikuwa na soseji mkononi.

Chuma: Mdomo ulikuwa na nini?

Hapo mlango wa pembeni ulifunguka, na mwanamke mmoja wa makamo akatoka na kikombe chake mwenyewe, koti begani, akitembea kwa tahadhari juu ya barafu. Alisema anaitwa Tellervo, yuko huduma ya simu kwa wateja, ana wiki moja kazini. Mahali wanapokunywa kahawa watu wa simu pamefungwa kwa utepe kwa sababu ya theluji inayodondoka kutoka kwenye paa, je, anaweza kukaa hapa? Gundi alimsogezea nafasi na kumpa andazi. Chuma alimwangalia kuanzia viatu hadi kofia.

Chuma: Theluji inadondoka leo?

Tellervo: Inadondoka tangu jana.

Chuma: Na ikachagua upande wenu.

Gundi: Chuma, mwache mgeni anywe kahawa! Sasa theluji nayo ni mpelelezi?

Chuma: Sisemi kitu. Naona tu kwamba siku tunayotafuta mtu aliyetuchoma, anakuja mtu na kikombe chake. Nani anakuja na kikombe chake?

Tellervo: Nyumbani nilifundishwa hivyo.

Profesa, ambaye hapendi mazungumzo yakimtoka mikononi, alisafisha koo na kuendelea kana kwamba hakuna aliyekuja. Alisema tabia si kitu, ukaribu na mashine si kitu, kalamu ya mshauri si kitu. Kuna kipimo kimoja tu ambacho hakina upendeleo.

Profesa: Ukamilifu. Lugha ikiweza kuhesabu chochote kinachohesabika duniani, ni lugha kamili. Isipoweza, ni orodha ya matakwa.

Makaa: Hiillos inaweza.

Profesa: Ina masharti? Kama hivi basi vile?

Makaa: Inayo.

Profesa: Ina kurudiarudia?

Makaa: Inayo. Na ukitaka unaitungia kitenzi chako, kesho yake unakitumia kama kilikuwemo tangu zamani. Nimetunga vya kwangu vingi. Januari ile ya baridi kali nilitunga kimoja kwa ajili ya nyumba ya wazee kule kaskazini, wapate joto kwanza kabla ya ofisi, bila kuwanyima wengine. Anniina alinishukuru mbele ya watu wote.

Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. Tellervo aliacha kutafuna.

Profesa: Basi kwa kipimo hicho... lazima niseme... ndiyo, kwa kipimo hicho inapita.

Makaa: Inapita!

Chuma: Hata zile picha za mshauri zinapita.

Profesa: Picha gani?

Chuma: Zile anazorusha ukutani. Zina vishale, zina vitufe, ukibonyeza hapa unapelekwa kule. Kuna wendawazimu walizipanga mpaka zikahesabu. Kwa kipimo chako hicho na zenyewe ni lugha.

Gundi: Kwa hiyo mshauri ni mwandishi wa programu?

Chuma: Ndiyo maana! Mnaona sasa? Anaiondoa Hiillos kwenye orodha ili picha zake zipate kiti! Mwakani tutaambiwa tuandike mita za joto kwa picha, herufi kubwa juu, nukta tatu chini.

Profesa: Hilo haliwezekani.

Chuma: Haliwezekani? Mashine ya kahawa ya ghorofa ya pili, maji yakiisha inalia, ukijaza inanyamaza, usipoisafisha inakataa kazi. Hayo ni masharti. Inatengeneza kikombe, inarudia. Nayo ni lugha! Profesa kaifungulia mlango, nani ataifungia? Mimi nasema hii kitu imepangwa. Wanaanza na lugha, wanakuja kwa watu, halafu sisi wote tutawekwa kwenye kisanduku kimoja na mashine ya kahawa, na mashine ya kahawa itabaki kwa sababu haili chakula cha mchana.

Profesa: Kwa hoja hiyo kipimo changu inabidi nikirudishe.

Makaa: Usikirudishe.

Profesa: Kipimo kinachopitisha mashine ya kahawa si kipimo, Makaa. Niwe mkweli.

Na hivyo Hiillos ilikuwa lugha kwa muda wa kutafuna andazi moja, kisha ikavuliwa cheo hicho. Makaa alicheka, kicheko kifupi kikavu. Alitaka kumwambia Profesa kwamba mtu anaweza kuwa mkweli siku nyingine yoyote. Akageuka. Tellervo alikuwa anamwangalia.

Tellervo: Samahani. Hiyo Hiillos, ndiyo ile ya joto?

Makaa: Ndiyo. Kwa nini?

Tellervo: Wametuambia watu wa simu kwamba kuanzia mwezi ujao tutakuwa tunaibadilisha sisi. Mteja akipiga kwamba ana baridi, tunaingia tunarekebisha. Walisema ni kujaza visanduku tu.

Gundi alimshika Makaa mkono juu ya glovu, akauacha. Kumbe hakuna kilichobaki cha kuzungumzwa saa nne. Kilichobaki kilikuwa kuambiwa.

Makaa: Umeiona?

Tellervo: Walinionyesha ukurasa mmoja. Nikajiona mjinga, maana nilitafuta hivyo visanduku sikuviona. Ilikuwa sentensi. Nyingine ndefu, nyingine inaanzia ndani ya nyingine.

Makaa: Ukawaambia hujaelewa?

Tellervo: Wiki ya kwanza? Nikaitikia kwa kichwa.

Makaa: Ukikosea sentensi moja ya pale, kuna mtaa mzima unaamka na barafu upande wa ndani wa dirisha.

Tellervo: Basi hapo nitapigiwa simu tena mimi.

Alisema hivyo bila mzaha, na ikawa mbaya kuliko mzaha. Chuma alisimama, akakaa. Alikuwa na hasira sasa, hasira ya kweli, na kama ilivyo desturi yake alitafuta wa kumtwisha.

Chuma: Hii lazima ijulikane. Profesa, mtazame Makaa usoni useme. Ulimwambia nini yule bwana pale kwenye mawe?

Profesa: Aliniuliza tu, kitaalamu, kama kuna vitu humu vinavyofanana na lugha lakini vina mashaka. Nikasema vipo. Sikutaja jina.

Chuma: Viko vingapi vyenye mashaka?

Profesa: Kimoja.

Gundi: Hukutaja jina! Mungu wangu, Ilpo!

Profesa: Na yeye Chuma je? Nilimsikia pale ufukweni, ametoka majini anatiririka, anamwambia mshauri kwamba kwenye kampuni nzima lugha halisi ni moja, ya kwake, zilizobaki ni nguo za baridi.

Chuma: Nilikuwa najisifu! Mtu akitoka kwenye maji ya barafu hana haki ya kujisifu? Mimi najisifu kila siku, hakuna anayechora visanduku.

Gundi: Na lile koti?

Chuma: Labda lilinitoka. Kwenye kujisifu.

Profesa: Na wewe Gundi usijifiche nyuma ya soseji. Pale kwenye moto mshauri alirudia ule utani mbele yetu sote. Nani alicheka kwa sauti kuliko wote?

Gundi aliinamia kikombe chake. Mtu ambaye kila siku anaambiwa kwamba anachoandika ni hati tu, siku akisikia wanamcheka mwingine, kicheko humtoka kabla hajakikagua. Makaa alilielewa hilo vizuri. Halikumpunguzia kitu.

Gundi: Nilicheka. Nilifurahi kwamba mara hii siyo mimi. Nisamehe, Makaa.

Makaa: Sawa.

Gundi: Siyo sawa.

Chuma: Kucheka siyo kuchoma! Mimi nasema bado kuna mmoja. Yupo mtu aliyesema wazi, kwa jina, "Hiillos siyo lugha." Hawa wengine walipuliza tu, kuna aliyewasha kiberiti. Labda hata ni mtu wa ghorofa ya pili. Labda Anniina mwenyewe! Hamuoni ni ajabu anavyokuwa mpole siku hizi?

Profesa: Au Aulis. Hatujui aliongea nini na nani kabla ya kustaafu.

Gundi: Aulis aichongee lugha yake mwenyewe? Mmeishiwa sasa.

Chuma: Tutampata tu. Tutawauliza mmoja mmoja.

Tellervo alikuwa amemaliza kahawa. Alikung'uta makombo mapajani, akawaangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa anwani kabla ya kuanza safari.

Tellervo: Niwaulize, mimi ni mgeni. Mnamtafuta aliyemwambia mshauri kwamba siyo lugha.

Chuma: Huyohuyo.

Tellervo: Na aliyemwambia kwamba ni lugha ni nani?

Chuma alifungua mdomo. Profesa alivua miwani akaifuta, ikawa safi, akaendelea kuifuta. Gundi aliangalia mto. Kunguru mmoja alitua kwenye pipa la taka, akatembea huku na huko, akaruka. Tellervo alisubiri jibu kwa heshima, kwa sababu alidhani lipo.

Makaa alisubiri pia. Alisubiri kwa kweli, akimtazama Chuma, akimtazama Profesa, mpaka akakumbuka kwamba usiku ule mshauri alipozunguka moto na bilauri yake alifika na kwake pia. Alikaa karibu naye kwenye gogo, mtu mwenye adabu tu, akamuuliza, na wewe Sirkku unaandika nini? Na yeye, akiwasikia wenzake wanacheka upande wa pili wa moto, akacheka pamoja nao, akamwambia, ah, mimi ni vitu vidogo vidogo tu.

Saa nne ilikuwa karibu kufika. Alisimama, akamrudishia Gundi andazi ambalo hakuligusa, akamwambia Tellervo asante, na hakuna aliyeuliza asante ya nini. Alitembea hadi mlangoni bila kugeuka. Ndani, mahali ambapo hakuna aliyemsikia, alijaribu kulitamka neno lile kwa sauti ya kawaida, kama ambavyo angelisema kwa Anniina: Hiillos ni lugha. Lilimtoka vibaya, likitetemeka, kama uongo wa mtu asiyezoea kudanganya. Akakanyaga ngazi ya kwanza, akalisema tena.